Nani Alimwondoa Mwenyekiti wa Kijiji Chetu

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, nikisoma historia, mwalimu aliyenisimamia aliponirudishia kwa mara ya tatu mapendekezo ya utafiti wangu. Nilitaka kuandika juu ya madaraka vijijini katika miaka ya shida, ile miaka sabuni ilikuwa haionekani na wengine kwetu walivaa magunia. Mara mbili za kwanza mwalimu aliandika pembeni neno moja tu, "Wapi?" Safari hii aliniita ofisini kwake.

"Umeandika kwamba mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyekuwa na madaraka," alisema. "Umejuaje?"

"Si alikuwa mwenyekiti?"

"Hicho ni cheo. Madaraka yakitulia mahali pamoja ni vigumu kuyaona. Tafuta siku moja yalipohama, halafu waulize watu siku hiyo kulitokea nini."

Nilitoka pale nimefurahi, maana siku hiyo nilikuwa nayo kichwani tangu utotoni. Sikuhitaji hata kuitafuta.

Kijiji chetu kiko kando ya ziwa, upande wa Bukima. Nilikuwa na miaka kama kumi alipofariki bibi mmoja jirani yetu, mjane, wakati wa msimu wa kuuza pamba. Miaka hiyo kitambaa cheupe cha kuzikia kilikuwa bidhaa adimu kama sukari, na hukukipata duka la kijiji bila kibali chenye muhuri wa mwenyekiti. Familia ya marehemu waliomba kibali, hawakupewa. Bibi yule akazikwa amefungwa kwenye tanga kuukuu la mtumbwi. Siku tatu baadaye wanawake wa kijiji walikaa chini mbele ya duka, wengi, kimya kabisa. Mwenyekiti alipofika walimpa migongo. Mama yangu alikuwa mbele. Alisimama, akavua kitambaa chake cha kichwa cha bluu, akakiweka juu ya kiti ambacho mwenyekiti alikuwa akikikalia pale barazani. Mwenyekiti akakitazama, akageuka, akaondoka. Hakurudi tena ofisini, na kabla mwezi haujaisha alihamia kwa ndugu zake Butiama.

Nilikuwa nimesimama karibu na kona ya duka. Niliona. Mama alifariki nikiwa kidato cha tatu, na katika mambo yote niliyobaki nayo ya kwake, lile la kitambaa nililipenda kuliko yote.

Likizo ilipofika nilikwenda Musoma, nikaomba ruhusa ya kuingia masjala ambako walihifadhi mihutasari ya vikao vya vijiji. Nilipekua mafaili siku mbili, nikapiga chafya mpaka karani akanionea huruma akaniletea maji. Siku ya tatu nikakuta kikao cha kijiji chetu. Mwandiko niliutambua kabla sijasoma neno. Ulikuwa wa baba yangu, ambaye miaka ile alikuwa katibu wa kijiji. Herufi zake zilikuwa zimenyooka kama mistari ya shamba.

Kulikuwa na sentensi mbili tu. "Mwenyekiti ameomba kupumzika kwa sababu za afya. Kikao kimempokelea ombi na kumshukuru." Kisha ajenda iliyofuata, juu ya choo cha shule.

Hakuna mazishi, hakuna wanawake, hakuna mama. Nilinakili sentensi zile nikiwa na hasira kidogo, lakini pia nilijiona nimeshaanza kuwa mwanahistoria. Nilijiambia kwamba karatasi inaficha na mimi ninajua inachoficha.

Kesho yake nilipanda boti Mwigobero kwenda nyumbani. Tulikaa juu ya marobota ya mitumba, na maboksi ya sabuni yalipangwa mpaka usawa wa magoti. Mama mmoja alikuwa ameweka mguu juu ya boksi la sabuni kama mtu anayeweka mguu juu ya jiwe. Nilimtazama muda mrefu. Nilipokuwa mdogo watu walifunga kipande cha sabuni ndani ya karatasi, wakakiweka kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo.

Baba nilimkuta anaanika mihogo. Tangu duka la kijiji lilipofungwa na watu binafsi kuruhusiwa kuuza kila kitu, hakuwa na cheo chochote. Mkubwa wa kijiji, kama angekuwepo mmoja, alikuwa wakala wa sangara, kijana aliyekuja ufukweni na lori la barafu na kuamua samaki gani wanapanda na gani wanabaki wanaoza. Hata mwenyekiti mpya alimwita "bosi".

Nilimwonyesha baba nilichonakili.

"Ndiyo, ni mimi niliandika," alisema.

"Lakini alikuwa mgonjwa kweli?"

"Niliandika kilichokubaliwa kwenye kikao."

"Baba, si wanawake ndio walimtoa? Niliwaona."

Akaendelea kugeuza mihogo, kipande kimoja kimoja. "Wanawake walikuwaga wanakaa pale kila wiki. Mwenyekiti aliondolewa na wilaya. Gari lilikuja. Mambo yalitoka juu, mwanangu, siku zile kila jambo lilitoka juu."

Gari sikulikumbuka. Nikaandika kwenye daftari: wilaya, gari. Nilifikiri baba anasema hivyo kwa sababu mtu aliyetumikia ofisi huona ofisi kila mahali. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba kila shahidi huliona tukio kutoka pale alipokaa. Niliona fundisho hilo linamfaa sana baba. Halikunijia wazo kwamba na mimi nilikuwa nimekaa mahali.

Wiki iliyofuata nilikwenda Butiama kumtafuta mwenyekiti mwenyewe. Nilimkuta kwa binti yake, anaziba pengo kwenye ua wa ng'ombe kwa matawi ya miiba. Nilikumbuka mtu mkubwa mwenye sauti. Huyu alikuwa mzee mwembamba, mchangamfu, anayecheka na mdomo ameufunika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ni wa katibu, hata kama hujasema. Uso wake huo." Alinipa kigoda. Nilipomwambia nilichofuata, aliacha kazi akanawa mikono kwanza, kama mtu anayekwenda kula.

"Mimi sikuondolewa," alisema. "Niliondoka. Wale wanawake waliponipa migongo niliwaelewa. Yule bibi tulimzika vibaya. Nilisema moyoni, wamekuja kunidai aibu. Nikaona nikikaa dakika moja zaidi watalia, na wakilia nimekwisha. Nikaondoka."

"Na gari la wilaya?"

"Lilikuja wiki ya pili. Nilikuwa nimeshafunga mizigo."

Wanawake, kumbe ni wanawake. Nikauliza, kwa kukamilisha tu, kwa nini aliinyima ile familia kibali.

Alinitazama kwa mshangao. "Mimi? Mimi nilisema wapewe. Niliambiwa haiwezekani, kuna waraka unasema kitambaa ni cha wale waliokwisha kuuza pamba. Bibi yule hakuwa na pamba, angeilima na nani?"

"Nani alikuambia?"

"Waraka ulisema."

"Uliusoma?"

Akacheka, safari hii bila kufunika mdomo. "Binti, mimi sikupita darasani. Jina langu tu ndilo nilikuwa naandika. Barua nilisomewa, vibali niliandikiwa, na muhuri ulikaa mahali pa usalama, kwenye droo ya baba yako. Usimwelewe vibaya. Baba yako alikuwa mtu wa karatasi, na sisi sote tuliongozwa na karatasi."

Sikuandika maneno hayo. Niliyakumbuka tu, kwa sababu kalamu nilikuwa nimeishika na haikutembea. Binti yake alileta uji wa mtama, nikanywa, nikaaga. Ndani ya gari nilijaribu kufikiria mambo mengine na kila nilichofikiria kilikuwa na sabuni ndani yake. Shuleni gauni langu lilikuwa jeupe. Miaka ile yote ya magunia, gauni langu lilikuwa jeupe, na nilidhani ni kwa sababu mama alikuwa mtu msafi.

Alibaki mtu mmoja wa kuuliza, mama aliyekuwa muuzaji wa duka la kijiji. Alikuwa amehamia Kibara, nami nikapitia Bunda kumfuata. Sasa alikuwa na duka lake mwenyewe, lenye vitenge vimening'inizwa mlangoni na matangi ya mafuta ya taa nje, na mitumbwi miwili ya dagaa aliyokodisha kwa wavuvi. Alinikumbatia, akanikalisha nyuma ya kaunta, akaendelea kuhudumia watu huku anaongea nami.

"Kitambaa kilikuwepo," alisema, bila mimi kumsukuma. "Jora zima. Nilikiona kila nilipofungua duka. Nilisubiri kibali, kibali hakikuja. Ningekitoa bila karatasi wangeniita mhujumu uchumi, na siku zile mhujumu alichukuliwa mchana kweupe, watoto wanaangalia. Nilikuwa na watoto wanne."

"Kwa hiyo wanawake wakakasirika, wakaja kukaa dukani."

Alikuwa anampimia mtoto wa jirani sukari. Akasimamisha mkono. "Kukasirika? Mwanangu, ile ilikuwa foleni. Tulisikia lori la sabuni linatoka Musoma. Watu walikuja alfajiri wakakaa chini kwa uchovu. Wanaangalia mlango wangu ili wasipitwe."

"Mwenyekiti anasema walimpa migongo."

"Mlango uko upande wa pili, yeye alitokea barabarani. Wangempa nini kingine?"

"Na ule ukimya?"

"Njaa. Halafu tulikuwa tumetoka kuzika."

Nilicheka, kisha nikaona sicheki. Nikamwuliza juu ya mama yangu, nikamwelezea kitambaa cha bluu kilivyowekwa juu ya kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamfungia mtoto sukari yake, akamwambia aende. Ndipo akanigeukia kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba.

"Mama yako hakuwepo. Alikuwa Musoma hospitali, amelazwa, mimba ya mdogo wenu wa mwisho ilimsumbua. Kitambaa cha bluu kilikuwa changu. Kiti kilikuwa na vumbi, nikakitandika."

Sikumwamini. Nilirudi kijijini nikafungua sanduku la mama la bati, nikatafuta kadi ya kliniki ya mdogo wetu. Alizaliwa Musoma, na tarehe yake ilikuwa siku mbili tu kabla ya kikao cha choo cha shule, kile kilichokaa siku chache baada ya foleni. Nilikaa sakafuni na ile kadi. Nilikuwa na shahidi mmoja tu niliyemwamini bila kumuuliza swali lolote, na shahidi huyo alikuwa mimi. Nilifunga macho nikamwona mama tena, mbele, anasimama, anavua kitambaa. Bado nilimwona. Hata leo ninavyoandika namwona.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, nilimfuata baba kwenye mihogo yake.

"Baba, waraka ulisema nini hasa?"

Hakuuliza waraka gani. "Ulisema bidhaa adimu ni za waliouza pamba kwanza."

"Kwanza. Haukusema wengine wasipewe."

"Kwanza maana yake nini? Wewe umesoma, niambie. Mimi nilikaa na neno lile siku nzima. Nikitoa, kesho mtu akaniuliza kwa nini nimetoa, nitajibu nini? Mwenyekiti alisema toa. Lakini yeye angeulizwa? Mwandiko ni wangu."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa mkubwa wa kijiji hiki."

Akanitazama kama nimemtukana. "Mkubwa? Nilikuwa naogopa kila siku ya Mungu. Nikisikia gari nahesabu vibali upya. Mkubwa gani huyo?"

"Na sabuni yetu ilitoka wapi?"

Aliokota kipande cha muhogo, akakikung'uta vumbi. "Mama yako aliniuliza hivyo hivyo," alisema. "Alipotoka hospitali, akasikia bibi alivyozikwa, aliniuliza hilo. Halafu hakuzungumza nami mpaka mtoto alipobatizwa."

Akainama akaendelea kukusanya mihogo. Nilimsaidia. Sikujua nifanye nini kingine.

Kabla ya kuondoka nilikumbuka kwamba katika kuzunguka kwangu kote, Butiama, Bunda, Kibara, sikuwa nimefika nyumba ya nne kutoka kwetu, kwa binti wa yule bibi aliyezikwa na tanga. Alikuwa uani anaparua samaki. Nilimsalimia, nikaeleza kwamba nasoma historia na ningependa anisimulie mazishi ya mama yake.

"Umeshawauliza wengine?"

"Ndiyo, mama. Mwenyekiti, mwenye duka, na baba."

"Wakakuambia?"

"Kila mtu na lake."

"Basi andika hayo." Aliosha kisu ndani ya bakuli. "Mambo ya mama yangu ni ya kwetu. Hayaendi chuoni."

Nilijaribu kumweleza kwamba bila yeye habari haitakuwa kamili. Alinisikiliza kwa adabu, akanifungia sato wawili kwenye majani ya mgomba nimpelekee baba, akarudi kwenye kazi yake. Nilisimama pale na samaki mkononi kama mtu aliyepewa ruhusa ya kuondoka.

Chuoni nilikaa na daftari lile miezi mitatu. Kila nilipoandika kwamba madaraka yalikuwa kwa katibu, nilimwona baba anahesabu vibali upya akisikia gari. Nikiandika kwamba yalikuwa wilayani, nilikumbuka neno lile moja, kwanza, ambalo wilaya hawakulifafanua na pengine hawakulifikiria. Nikisema wanawake, ilikuwa foleni. Lakini foleni ile ndiyo iliyomtoa mwenyekiti, sasa niseme haikuwa na nguvu? Mwishowe niliandika maelezo yote, moja baada ya jingine, pamoja na langu la uongo, nikasema wazi kwamba ni la uongo. Kuhusu baba niliandika tu kwamba "katibu alifuata waraka."

Mwalimu alinipa alama nzuri. Pembeni ya sentensi ile ya katibu aliweka alama ya kuuliza, hakuandika neno. Sikumwendea kumweleza.

Nilipata kazi ya kufundisha historia sekondari, Bunda. Baba alifariki miaka michache baadaye, kwa homa iliyoanza kama mafua. Mimi ndiye msomi wa familia, kwa hiyo wasifu wa marehemu niliandika mimi. Niliandika alikozaliwa, ndoa, watoto, kwaya, na kwamba alikuwa katibu wa kijiji katika miaka migumu. Nilitaka kuongeza jambo baada ya neno "migumu". Nilikaa juu ya karatasi mpaka padri akatuma mtu kuuliza kama iko tayari.

Binti wa yule bibi alikuwepo tangu asubuhi, akisonga ugali na wanawake wengine. Alinipa pole, akanishika mkono kwa nguvu, basi. Mwenyekiti wa zamani alikuja kutoka Butiama, ameshikiliwa na mjukuu wake. Baada ya wasifu kusomwa aliomba aseme kidogo. Watu wakampisha.

"Huyu," alisema, akinyoosha kidole kwenye jeneza, "aliniandikia ugonjwa ambao sikuwa nao. Bila ugonjwa ule, mimi nisingezeeka." Akataka kuendelea, akashindwa, akaketishwa.

Niligeuka kuangalia nyuso za watu. Wengine walitikisa kichwa kama wameelewa. Mimi sikuelewa. Alikingwa dhidi ya nini? Dhidi ya gari la wilaya, ambalo labda lilikuja kutafuta mhujumu wa kitambaa likakuta mtu mgonjwa aliyekwisha kujiuzulu? Au baba aliandika ugonjwa ule ili swali la kibali lisiulizwe kabisa, ukamkinga yeye mwenyewe, na mwenyekiti akafaidika bila kukusudiwa? Nilisubiri mazishi yaishe nimuulize. Mvua ilianza kunyesha juu ya kaburi, watu wakatawanyika, na nilipomtafuta nikaambiwa ameshapandishwa gari.

Nilikwenda Butiama mara tu matanga yalipokwisha. Nilimkuta amelala, binti yake akaniambia siku hizi anasahau. Alinitazama sana.

"Wewe ni binti wa nani?"

Nikamwambia.

Uso wake ukachangamka. "Katibu! Mzima?"

"Amefariki, mzee. Ulikuja kumzika."

Akalia kama ndiyo kwanza anasikia. Nikakaa naye kitandani, nimemshika bega, mpaka akatulia akasinzia. Kisha nikaaga, nikaenda barabarani kutafuta gari la kurudi Bunda.